Mkeka wa Kazi Tuliotundika Kilosa

Vijana wangu wa Mikumi, wiki iliyopita mlinikaribisha ofisini kwenu vizuri sana. Mlinipa kiti chenye mto, mkanipa soda baridi, na feni mkaielekeza kwangu peke yangu. Kisha mkanionyesha ubao wenu wa Kanban kwenye skrini kubwa kuliko dirisha langu: safu ya "Inasubiri", safu ya "Inafanyika", safu ya "Inajaribiwa", safu ya "Imekwisha". Rangi nzuri, na picha ya kila mmoja wenu kwenye kadi yake. Mkaniuliza, "Mama Sefu, unauonaje?" Nikasema unapendeza. Mgeni hasemi upungufu wa chumvi akiwa bado mezani.

Sasa nimefika nyumbani, nasema. Safu yenu ya "Inafanyika" ilikuwa ndefu hata yule aliyeshika kipanya alichoka kuishusha. Safu ya "Imekwisha" ilikuwa na kadi moja, nayo imeandikwa "Kutengeneza ubao wa Kanban".

Sikuwacheka kwa dharau. Nilicheka kwa sababu ubao huo niliwahi kuishi nao, ila wetu ulikuwa mkeka.

Kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa kuratibu watu wanaoandika programu za kompyuta. Mimi mwenyewe siandiki programu ya maana. Ninachojua ni kutazama kazi inakopita na kuona inapokwama, kama mtu anayetazama mfereji wa shamba: huhitaji kujua maji yametengenezwa na nini, unahitaji kuona ni wapi pameziba.

Aliyenifundisha kutazama ni Bwana Mkude, mkuu wangu wa kwanza kule Morogoro mjini, Mluguru mfupi mwenye sauti ya mwadhini. Enzi hizo tulipanga kazi ya mwaka mzima kwenye jalada nene, kila mtu akapewa kipande chake, tukaahidiana kukutana mwishoni. Tulipokutana mwishoni vipande havikushikana, kama suti iliyoshonwa na mafundi wanne wasiojuana. Mkude alikuwa anapita asubuhi na swali moja: "Umemaliza nini?" Ukimjibu kwamba umeanza jambo fulani, anakukatiza papo hapo. "Sikukuuliza umeanza nini. Hata kuku huanza kuvuka barabara."

Ni yeye aliyetuletea Kanban, alipotoka kwenye mafunzo Dar es Salaam. Neno ni la Kijapani, limetoka viwandani, na maana yake ni kibao cha kuonyesha alama. Wengi wenu mmelishika hapo kwenye kuonyesha mkadhani ndipo linapoishia. Kuonyesha ni mwanzo tu. Kiini chake ni kwamba kazi haisukumwi kwa mtu. Mtu huivuta mwenyewe anapokuwa na nafasi. Na ili ajue kama nafasi ipo, lazima kuwe na kikomo. Jiko la mafiga matatu hubeba sufuria moja. Ukileta ya pili, hupiki haraka zaidi, unamwaga zote mbili.

Mkude alibandika vikaratasi vya gundi ukutani. Siku moja joto lilizidi, mtu akawasha feni mpaka mwisho, na kazi ya mwezi mzima ikaruka chini. Tukaokota, kila mtu akibandika alipoona panafaa. Kazi moja ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa ikajikuta kwenye "Imekwisha". Mteja aliingoja sana hiyo. Tangu hapo siamini gundi.

Ndiyo maana nilipopewa kuongoza timu ndogo Kilosa mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, nilitafuta kitu cha kuchomeka pini. Ukuta wa saruji haukubali pini. Umeme nao ulikuwa ukikatika kila tunapotaka kuangalia ubao wa kwenye kompyuta. Basi nikanunua mkeka wa ukindu kwa mama mmoja sokoni, wenye mistari ya zambarau na kijani, nikautundika ukutani, mistari imesimama. Kila mstari mpaka wa safu. Kadi tulikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni, pini tukachukua kwa fundi cherehani wa jirani. Mjusi alihamia nyuma ya mkeka wiki ya kwanza na hakuna aliyemdai kadi.

Timu yetu niwajulishe, maana mtawasikia. Alikuwepo Idrisa, kijana mwepesi wa kuandika programu, mzito wa kusema hapana. Na Kulwa, binti wa Mabwerebwere, hapahapa Kilosa, kazi yake kujaribu kila kinachotengenezwa na kukivunja kabla mteja hajakivunja. Kulwa hakuwa na haya. Nilimwajiri kwa sababu siku ya usaili aliniambia kwamba kengele yangu ya mlangoni inalia hata isipobonyezwa.

Mteja wetu alikuwa umoja wa wakulima wa bondeni. Mtu wa Kilosa haelezwi mto Mkondoa, lakini ninyi wa Mikumi niwaambie. Mvua ikikaza milimani, maji yanaweza kufika bondeni wakati huku halijadondoka tone. Mtu anapika, jua linawaka, mto unaingia jikoni. Umoja ule ulitaka kitu kimoja: msoma kipimo aliyeko juu ya mto akiona maji yamepanda, atume namba kwa simu, programu iilinganishe na kiwango cha hatari, meseji iende kwa wakazi wa bondeni waondoke mapema. Na iwe tayari kabla ya masika.

Idrisa hakuhitaji kuelezwa umuhimu wake. Bibi yake, Bi Mwantumu, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa akiishi huko bondeni na mbuzi na kuku zake. Masika ya nyuma majirani walimtoa ndani akiwa amesimama juu ya meza, maji yamefika magotini mwake juu ya meza hiyo. Akaapa kwamba hahami. "Nitahama nikiambiwa maji yanakuja," alisema, "siyo nikiambiwa yanaweza kuja." Kwa hiyo tulikuwa tunamtengenezea Bi Mwantumu sababu ya kuhama. Wengine wote bondeni pia, lakini Idrisa alipoandika ile kadi, "Meseji ya maji ifike bondeni", tulijua alimwona nani.

Juu ya safu ya "Inafanyika" nilibandika namba kubwa: 2. Kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Wakaitikia wote. Na kwa wiki chache za mwanzo mambo yalikwenda kama maji ya mfereji uliosafishwa.

Kisha akaanza kuja Mzee Ngonyani.

Mzee Ngonyani alikuwa mwenyekiti wa umoja. Mngoni, ambaye babu yake aliletwa Kilosa kukata mkonge na hakurudi Songea. Mtu mwema, msafi, kanzu kwenye misiba, ingawa alikuwa Mkristo, na suti kwenye mikutano. Alisema msiba hauna dini. Alikuwa akipita ofisini akitoka sokoni, anasimama mlangoni, na vijana wanainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Poleni na kazi. Kuna kajambo kadogo tu."

Kajambo ka kwanza kalikuwa bei za ufuta na mahindi, ziende kwa wakulima kwa meseji. Ka pili, salamu za Idi na Krismasi. Ka tatu, programu iwatambue wanachama ambao hawajahudhuria mikutano. Kila kamoja kalikuwa na faida, na kila kamoja Idrisa alikajibu: "Sawa, mzee." Mnajua ilivyo. Huku kwetu, ukishaamkia na ukaitikiwa marahaba, kusema hapana ni kama kuirudisha ile salamu. Wataalamu walioandika vitabu vya Kanban hawakuwahi kusimama mbele ya Mzee Ngonyani.

Na mimi? Mimi kwake nilikuwa mdogo kwa umri, mwanamke, na mpokeaji wa kazi yake. Nilizunguka mbuyu: "Tutaangalia, mzee." Yeye alisikia "ndiyo".

Vijana wangu nao wana akili ya sungura. Kwa kuwa kikomo ni mbili, hawakutaka kuonekana wamekivunja. Walianza kuchomeka kadi mpya kwenye mstari wenyewe wa mkeka, nusu "Inasubiri", nusu "Inafanyika". Nikiuliza, Idrisa ananijibu, "Hiyo haijaingia, Mama Sefu. Ipo mpakani." Mpaka ukajaa kuliko nchi zote mbili.

Tulikuwa na desturi ya nukta. Kila asubuhi kadi ikikutwa palepale ilipolala, tunaitia nukta ya kalamu. Nawasihi mwige, maana nukta hazibembelezi mtu. Ile kadi ya maji ilikuwa imejaa nukta kama kanga.

Siku ya majaribio Mzee Ngonyani alikuja na wajumbe wake wa kamati. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima na hayaondoki. Tuliweka simu moja ya kitochi katikati ya meza, simu kama wanazotumia watu wengi bondeni, tukampigia msoma kipimo atume namba ya hatari. Akatuma. Tukakodolea macho ile simu, wajumbe wamenyoosha shingo. Kimya. Kisha ikalia. Mjumbe mmoja akapiga makofi. Kulwa akaichukua, akasoma kwa sauti: "Ufuta umepanda bei."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Mzee Ngonyani alimtazama Idrisa. "Mwanangu, mto ukija utatuuzia ufuta?"

Idrisa akainama. Angeweza kusema: mzee, uliniletea bei za ufuta nikaacha ya maji njiani, nikaenda kuanza hiyo, ukaniletea salamu za Idi nikaacha hiyo. Hakusema. Heshima haikumruhusu.

"Basi, malizeni hilo haraka," mzee akasema, akaanza kuinuka. Kisha akatia mkono mfukoni. "Ila kabla sijaondoka, kuna kajambo kadogo tu. Wajumbe wanaomba na matangazo ya misiba yapitie humu."

"Sawa, mz..." Idrisa akaanza.

"Sawa ya nani?" akasema Kulwa.

Mjumbe wa karibu na mlango akamgeukia. "We binti! Unajua unaongea mbele ya nani?"

"Namjua. Mngoni. Shikamoo, babu mtani."

Mzee Ngonyani akasimama nusu, nusu amekaa. "Mtani? Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, babu. Babu yangu alikuja na reli."

Nikaona uso wa mzee unafunguka polepole, kama mtu aliyekuta hela kwenye koti la zamani. Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Hilo mnalijua hata kama hamjawahi kuliona likifanya kazi. Mtani anaweza kukutukana msibani kwako na ukamshukuru. "Kumbe!" akasema mzee. "Kumbe nina mpagazi wangu humu ndani muda wote huu, nami nabeba fimbo yangu mwenyewe!"

"Ungeniona wapi, babu? Ninyi mlitoka kwa Shaka mkikimbia, hamjasimama mpaka leo. Ndiyo maana kila kazi yenu ni ya haraka. Mtu akimbiaye haoni nani yumo chumbani."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mzee akapiga fimbo chini. "Sikilizeni hili! Watu waliobeba pembe za ndovu za watu kutoka Tabora mpaka pwani, leo mjukuu wao kabebeshwa kikaratasi kimoja analia!"

"Babu zangu walibeba, sikatai. Lakini walikuwa na akili: mzigo mmoja, kichwa kimoja. Hebu nitajie Mnyamwezi aliyefika pwani na mizigo mitano shingoni. Angefia hapahapa Kilosa, nanyi Wangoni mngekuja matangani kula wali wetu." Akanyoosha kidole kwenye mkeka. "Idrisa kichwa chake kimoja. Hesabu mizigo yako mwenyewe, babu."

"Yangu?"

"Yako. Ukitaka la misiba liingie, ingia nalo. Lakini namba pale juu ni mbili. Ukichomeka moja, utoe moja, kwa mkono wako, usije ukasema kesho tulitoa sisi."

Nilishika pembe ya meza. Utani una mipaka yake, na wajumbe walikuwa wakimtazama mwenyekiti wao waone kama amedhalilika. Lau angegeuka na kuondoka, kazi ingekwenda naye, na masika yasingesubiri timu nyingine ijifunze.

Mzee Ngonyani akauendea mkeka. Akasoma kadi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Akafika kwenye ile ya nukta.

"Hii mbona ina upele?"

"Kila asubuhi ikilala palepale, tunaitia nukta," nikajibu.

Akaisoma. "Meseji ya maji ifike bondeni." Kisha akauliza bila kugeuka, "Hii ndiyo ya kina Bi Mwantumu?"

"Ndiyo, babu," akasema Idrisa. Mara ya kwanza kumwita babu badala ya mzee.

"Na hizi zilizoisonga huku na huku ni zangu."

"Zote," akasema Kulwa, na safari hii hakutania.

Akaanza kuchomoa pini. Bei za ufuta, akairudisha "Inasubiri". Salamu za Idi. Wasiohudhuria mikutano. Mjumbe mmoja akasema, "Mwenyekiti, bei za mazao ziliahidiwa mkutanoni." Mzee akamjibu huku akichomoa, "Mimi ndiye niliyeahidi, mimi ndiye nitakayezomewa." La misiba alilichomeka mwisho kabisa wa foleni, akapangusa mikono kama aliyemaliza kuzika. Alipofika mlangoni akamwambia Kulwa, "Nikifa usije msibani kwangu." Kulwa akamjibu, "Nitakuja kuhesabu majeneza, babu. Moja tu ndiyo kikomo."

Niliwaona wajumbe wakishuka ngazi wakisukumana kwa kicheko. Nami nikajifunza jambo ambalo Mkude hakunifundisha. Kikomo ukutani hakijilindi chenyewe. Lazima katika kila timu awepo mtu ambaye anaweza kumwambia mwenye kazi "bado" bila heshima kuvunjika, na mtu huyo mara nyingi si kiongozi. Kwetu alikuwa mtani. Kwenu huenda ni shangazi wa mteja, huenda ni rafiki yake wa shule. Mtafuteni kabla hamjamhitaji. Na mwenye kazi asiambiwe orodha imejaa. Aletwe mbele ya ubao achomoe mwenyewe. Mtu akichagua kwa mkono wake hulilinda chaguo lake kuliko utakavyolilinda wewe.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Kazi ya maji ilikwama tena siku chache baadaye, safari hii kwa kusubiri kibali cha namba ya kutumia meseji nyingi kwa pamoja. Kazi iliyokwamishwa na watu wa nje tuliifunga uzi mwekundu, na jukumu langu lilikuwa kuufuata ule uzi mpaka mlangoni kwa anayeushikilia. Nilikaa kwenye benchi la ofisi moja mpaka mlinzi akaanza kuniuliza habari za watoto.

Idrisa alipoona uzi mwekundu, mkono ukaenda wenyewe kwenye kadi ya ufuta. Mtu mwepesi akikaa bure anaumwa. Nikamwambia, "Tazama kuliani kwanza." Hiyo nayo muishike: kila asubuhi someni ubao kuanzia upande wa kazi zinazokaribia kwisha, siyo upande wa zinazotaka kuanza. Ukiwa na nafasi, uliza nani kuliani kwako anahitaji mkono. Kuliani kwa Idrisa alikuwa Kulwa na rundo la simu za vitochi alizoazima mtaa mzima.

Walikaa wawili wakijaribu. Wakagundua kwamba meseji yetu ni ndefu, simu hizo huikata vipande viwili, na mara nyingine kipande cha pili hutangulia. Mtu angepata kwanza "shuleni, msipite darajani", bila kujua kwa nini. Lau Idrisa angekuwa kwenye ufuta, hitilafu hiyo tungeikuta ndani ya mafuriko. Wakaikata meseji mpaka ikabaki maneno machache: maji yanakuja, nendeni shuleni sasa. Idrisa alilalamika kwamba haina hata salamu. Kulwa akamwambia mto nao hausalimii.

Kibali kikapatikana. Uzi ukafunguliwa. Wakajaribu, ikafika. Wakajaribu tena umeme ukiwa umekatika, ikafika. Lakini sikuwaruhusu kuihamishia "Imekwisha". Kwetu kazi iliyokwisha ni ile iliyomfikia mtu aliyeihitaji, akaitumia. Ikakaa "Inajaribiwa", na mvua ikaanza.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Kilosa mjini palikuwa pakavu, watu wameanika mpunga. Kompyuta ikatoa mlio. Namba imeingia kutoka juu, na ilikuwa kubwa kuliko zote tulizojaribu. Idrisa hakugusa kitu, haikuhitaji kuguswa. Tukaona kwenye skrini meseji zikitoka, moja baada ya nyingine, majina ya bondeni yakipita. Tulikuwa tumemaliza kitongoji kimoja tu, kile cha chini kabisa. Vitongoji viwili vya juu yake programu haikuvijua bado, na Mzee Ngonyani, tulipompigia, alivipigia wenyeviti wake mmoja mmoja kwa simu yake, akipaza sauti hata tulimsikia bila kuweka sikio.

Idrisa akampigia bibi yake. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Akapiga tena. Akachukua ufunguo wa pikipiki.

"Unakwenda wapi?" akauliza Kulwa.

"Bondeni."

"Ukakutane na maji njiani, tuwe na wawili wa kutafuta?"

"Ni bibi yangu, Kulwa!"

"Najua ni bibi yako." Akasimama mlangoni, mdogo, mikono kiunoni. "Mpe muda wa kutembea. Ana mguu mbovu."

Simu ya Idrisa ikalia mkononi mwake. Akaiweka sauti ya nje bila kujua.

"Weee Idrisa! Unanipigia pigia kama unanidai! Nilikuwa na kuku mikono yote miwili, ningeshika simu kwa meno?"

"Uko wapi, bibi?"

"Nipo shuleni, barazani. Tumejaa hapa. Mbuzi mmoja kagoma, nimemwacha, Mungu atajua. Maji hayo, nayaona kutoka hapa, yameshapita kwa kina Hamisi yanaingia kwangu. Meza ile leo inasimama peke yake, bila mimi juu yake."

Idrisa akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango. Nikachukua simu mimi.

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Meseji uliipata mapema?"

"Shikamoo za nini sasa, mama, mimi nimelowa. Meseji imekuja. Lakini nani aliwaambia mimi nasoma? Simu imelia, nikadhani ni wale wa kutangaza bahati nasibu, nikaiacha. Jirani yangu ndiye aliyekuja kunigongea, yeye kasoma. Na siku akiwa shamba?"

Kulwa alikuwa ameshashika kipande cha boksi.

"Sema, bibi," nikamwambia. "Ungependa iweje?"

"Ilie, nipokee, mtu aniambie kwa mdomo. Kwa Kiswahili cha kueleweka. Kazi ngumu hiyo?"

"Si rahisi," Idrisa akasema kutoka sakafuni, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini inawezekana."

Kulwa akaandika kadi, akainuka nayo mpaka kwenye mkeka. Akachomoa ile ya nukta, akaihamishia "Imekwisha". Kisha akahesabu safu ya "Inafanyika" kwa kidole, kwa sauti, kama mtu asiyemwamini mtu yeyote.

"Nafasi ipo?" nikamuuliza.

"Ipo moja."

Idrisa akanyanyuka, akapokea kadi mkononi mwake, akaichomeka.